Sarafina Hainipendezi

Hapa Runyenjes ukisema hupendi Sarafina watu wanakuangalia vibaya, hasa wakijua wewe ndiye yule wa michezo ya nyimbo. Na mimi ndiye. Mchezo ambao watu wanaacha kuongea katikati, wanaimba, halafu wanarudi kuongea kama hakuna kilichotokea, huo ndio wangu tangu utotoni. Kuna wanaoucheka. Mimi nimekulia upande huu wa mto Thuci, na ng'ambo ni Chuka, kwa wapiga ngoma wanaozibana katikati ya miguu huku wakicheza. Hadithi kuimbwa haijawahi kunishangaza.

Sarafina tuliiona shuleni, kwa kanda ya video. Ilikuwa Jumamosi jioni, televisheni moja juu ya meza na bwalo zima la wanafunzi. Nililia kama wengine. Kutoipenda kulikuja baadaye, pole pole.

Kwanza niligundua kwamba tulichokiona si mchezo wenyewe. Mchezo wa Mbongeni Ngema ulianza jukwaani Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ukaenda New York mwaka huohuo, na Januari 1988 ukaingia Broadway, ambako ulichezwa karibu mara 600. Ni hadithi ya wanafunzi wa Morris Isaacson, Soweto, na kivuli cha Juni 16, 1976, siku watoto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Mzigo wote ulibebwa na vijana, kwa muziki wa mbaqanga, nyimbo nyingine zikiwa za Hugh Masekela. Mwishoni Sarafina anajivika u-Mandela, anaigiza siku ya kuachiliwa kwake. Kumbuka ni 1987, Mandela bado yuko ndani. Kuigiza kitu kama hicho hadharani kulihitaji roho ngumu.

Filamu ilitoka 1992. Mandela alikuwa ameshatoka, kwa hivyo ule mwisho hauna tena hatari yake. Mwalimu amekuwa Whoopi Goldberg, nyota wa Marekani, na macho ya kamera yanamfuata. Nyimbo zimepunguzwa, hasira imekaangwa kidogo ili isimkere mtazamaji. Hayo ni maoni yangu, na najua Leleti Khumalo anaimba vizuri kote kuwili.

Lakini si hilo hasa lililoniudhi. Kilichoniudhi nilikikuta kwenye kitabu. Mswidi mmoja, Ingrid Björkman, alichapisha London mwaka 1989 kitabu kuhusu mchezo wa nyimbo wa Kenya, na alikuwa amewahoji watu waliouona. Mchezo wenyewe ni Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na watu wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Nilikuwa mtu mzima, shabiki wa michezo ya nyimbo wa kujitangaza, na sikuwa nimewahi kuusikia. Wa Soweto niliujua hatua kwa hatua. Wa Limuru, hata jina sikulijua!

Ngũgĩ alikuwa ameshafungwa kwa sababu ya mchezo wa kwanza. Ngaahika Ndeenda, alioandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulianza Oktoba 1977, ukapigwa marufuku Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka polisi wakamchukua. Alipotoka, Kamĩrĩĩthũ walirudi na kitu kikubwa zaidi: mchezo wa enzi za kipande na kodi ya nyumba, uliojaa nyimbo na ngoma za jamii nyingi za Kenya. Ungeonyeshwa Kenya National Theatre, Februari 1982. Leseni iliombwa. Haikukataliwa, haikutolewa, ilinyamaziwa tu. Waigizaji walipofika walikuta milango imefungwa.

Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaendelea na mazoezi. Na mazoezi hayana tiketi, bana. Watu walikuja kwa maelfu kutazama mazoezi, wengine wakiketi sakafuni na kwenye ngazi, mpaka huko nako wakafungiwa. Machi 12, 1982 polisi walifika Kamĩrĩĩthũ wakabomoa ukumbi wa wazi ambao wanakijiji walikuwa wameujenga wenyewe. Kimani Gecau, mmoja wa waongozaji, alikimbilia Zimbabwe. Ngũgĩ alikuwa London mwaka huohuo, akabaki uhamishoni.

Nikifikiria hayo naona jinsi Gĩkũyũ na Kiembu zilivyo karibu. Shosho wangu angeuelewa mchezo ule bila mtu wa kumtafsiria. Badala yake sisi wajukuu tulionyeshwa Sarafina, na hakuna mwalimu aliyeogopa kuiweka, kwa sababu polisi waliokuwa wakipiga watoto mle ndani hawakuwa wetu.

Rafiki yangu mmoja hunibishia hapa. Si Sarafina iliyofunga mlango, anasema, unamchukia mgeni kwa kosa la mwenye nyumba. Ana haki. Ila mimi huangalia tarehe. Mwaka 1992, mwaka wa filamu hiyo, mwishoni mwa Februari, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakafunga kula, wakaimba, wakidai wana wao. Machi 3 polisi waliwapiga kwa rungu na gesi ya machozi, na baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele yao. Baadaye walihamia kanisa la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima. Miaka kumi baada ya mchezo unaoitwa Mama Niimbie kufungiwa, kina mama walikuwa wakiimba kweli, na huo haukuwa na kanda ya kupelekwa shuleni.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulirudi, Kenya National Theatre, kwa Gĩkũyũ na kwa Kiingereza. Ukumbi uleule. Maitũ Njugĩra mimi bado nausubiri. Kila nikisikia msimu mpya huwa nauliza.

Muhula uliopita watoto wa hapa mtaani walikuja kuniomba niwafundishe ngoma ya Sarafina kwa ajili ya siku ya wazazi. Niliwaambia kwanza wakae chini niwasimulie habari za Kamĩrĩĩthũ. Walisikiliza, mmoja akauliza kama kuna video. Hakuna, nikasema. Basi tukapanga viti pembeni, nikawafundisha Sarafina. Hatua nazijua zote.