Miembe ya Njia ya Misafara

Msafiri atokaye Tabora kuelekea Ujiji kwa njia ya misafara, aghalabu huikuta miembe mikubwa iliyozeeka. Na wazee husimulia kwamba baadhi yake ni athari ya wapagazi na watumwa waliosukumwa wakiwa na pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, wakala maembe na kuzitupa kokwa njiani, na mingine ni ya Waarabu waliotaka kivuli vituoni mwao.

Mashuhuri kuliko yote ni mwembe wa Ujiji, ambao chini yake, Novemba 1871, mwandishi wa habari Stanley alimkuta mvumbuzi Livingstone, kisha wakasafiri pamoja hadi Kwihara, kando ya Tabora, mwanzoni mwa 1872. Mwembe ule ulikufa zamani. Lakini miwili iliyosimama pale husemwa imetokana na vikonyo vyake, vilivyobebeshwa juu ya mashina mengine. Ikiwa ndivyo, basi si watoto wake, bali ni mwembe ule ule. Na habari hii, kwangu mimi, inashinda salamu ya Stanley kwa Livingstone inayokaririwa kila mahali.

Ilimu ya kubebesha ni kongwe. Ibn al-Awwam, mtaalamu wa kilimo wa Ishbiliya (Seville), aliieleza katika karne ya 12, na Wareno wa Goa wakaitumia kuhifadhi maembe bora ya Kihindi, Alphonso likiwa mojawapo, kwa kuwa kokwa lake lina kijusi kimoja tu na mche wake humhaini mpandaji. Maembe mengi ya mwambao wetu yana vijusi kadhaa ndani ya kokwa moja, na aghalabu huzaa yaliyofanana na mama. Ndiyo sababu wapagazi hawakuhitaji kisu cha kubebeshea.

Fundi wa leo hukata kichwa cha mche wa kienyeji wenye unene wa penseli, akaupasua katikati, akachonga kikonyo mfano wa kabari, akakishindilia hata ganda likutane na ganda, akakaza ukanda wa nailoni maji yasipenye. Sharti ni ujamaa: mwembe hubebwa na mwembe, waridi na waridi, juu ya mchungwa kikonyo cha mwembe hunyauka.

Nawe uliyerithi mwembe wa kale, usimwite mchoma mkaa: ukikatwa juu, machipukizi yake hubebeshwa aina mpya, na mizizi ile ile huendelea na kazi.