Bwiza na safari za masomo ng'ambo

Kijana wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, anayetafuta chuo nje ya Burundi siku hizi huipima Kampala, Dar es Salaam na Nairobi kwenye mizani ileile anayopimia Brussels na Paris. Wengi huliona jambo hili kuwa zao la mwaka 2007, Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nashikilia kwamba mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mtaa huu uliifahamu mashariki kwa biashara, dini na lugha hata kabla ya kuwa na shule. Kilichoyageuza macho ya wasomi wake kuelekea Ulaya kwa zaidi ya nusu karne ni cheti. Mwanafunzi huenda kule ambako karatasi aliyo nayo inapokelewa, na kule ambako karatasi atakayorudi nayo itamfungulia kazi nyumbani. Sifa ya chuo huja baada ya hayo.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, Kiswahili kilikuja na askari na wachuuzi, wengi wao wakitoka upande wa Ujiji, kusini zaidi kando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 walikuta mji unaozungumza lugha ya pwani, wakawaweka wakazi wake Waafrika katika mitaa iliyotengwa: Buyenzi, na jirani yake Bwiza, ambayo wakati huo iliitwa Belge. Elimu waliwaachia wamisionari, nayo ilikwenda pamoja na ubatizo, hivyo wazazi Waislamu wengi waliridhika na madrasa. Shule iliyotoa makarani na machifu wa kesho, Groupe Scolaire ya Astrida nchini Rwanda, ilianza kufundisha mwaka 1932 na iliwapendelea watoto wa watawala. Chuo kikuu chenyewe kilichelewa mno katika makoloni yote ya Ubelgiji. Thomas Kanza, Mkongo wa kwanza asiye padri kusomea chuo kikuu Ubelgiji, aliingia Louvain mwaka 1952. Chuo kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954. Mwanamfalme wa Burundi, Louis Rwagasore, aliyepitia Astrida, alikwenda Antwerp, katika chuo kilichowafunza watawala wa makoloni. Aliporudi alianzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, na Waswahili wa Buyenzi na Bwiza wakawa miongoni mwa watu wake wa karibu. Chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge Septemba 1961; tarehe 13 Oktoba Rwagasore aliuawa. Hapa ndipo naona fundo la historia hii. Wafanyabiashara hao waliitazama Tanganyika ya Nyerere na TANU kwa matumaini ya kisiasa, lakini mtu waliyemwamini kuwaongoza alikuwa na elimu ya Ubelgiji, elimu ambayo watoto wao hawakuwa na cheti cha kuifikia. Siasa iliwavuta mashariki, elimu ikawaelekeza magharibi.

Uhuru wa mwaka 1962 ulileta ufadhili wa masomo, lakini uteuzi wa wanafunzi ulibaki mikononi mwa serikali na balozi. Uhusiano na China ulioanza Desemba 1963 ulivunjwa Januari 1965 na kurudishwa mwaka 1971. Nafasi yoyote ya kusoma huko ilitegemea hali ya ubalozi mmoja. Kisha ukaja wakati ambao kusoma kwenyewe kulikuwa hatari. Mwaka 1972 wanafunzi Wahutu wa chuo kikuu na wa sekondari walisakwa na kuuawa, na waliookoka walivuka mipaka. Melchior Ndadaye, rais wa baadaye wa Burundi, alikimbilia Rwanda, akamalizia sekondari katika Groupe Scolaire ileile, Astrida ikiwa wakati huo inaitwa Butare, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Rwagasore alifika shule hiyo kama mtoto wa mfalme, Ndadaye kama mkimbizi. Machi 1995 Bwiza yenyewe na Buyenzi zilivamiwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbilia upande wa Uvira, ng'ambo ya mpaka; Juni mwaka huohuo wanafunzi waliuawa ndani ya chuo kikuu cha Bujumbura. Baada ya siku kama hizo, kuuliza chuo kipi ni bora lilikuwa swali la watu wenye bahati. Swali lililobaki lilikuwa wapi mtu anaweza kukaa darasani akiwa hai.

Atakayenipinga atasema yote haya ni fedha tu: Kampala ni rahisi, Brussels ni ghali. Fedha huamua kama mtu atasafiri, nakubali, lakini haitoshi kueleza anaelekea wapi. Brussels haikuwahi kuwa rahisi, na bado ndiyo iliyotamaniwa kwa miongo mingi, kwa kuwa shahada yake ilisomwa bila maswali katika wizara za Bujumbura. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kiswahili si lugha ya mihadhara Makerere, wala Nairobi, wala hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko kote hufundishwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na mtu asimdanganye kijana wa Bwiza. Kiswahili chake kitampatia chumba cha kupanga, kitamsaidia sokoni na kwenye daladala, na pengine kitamkutanisha na jamaa wa Kigoma. Mlangoni mwa darasa kitasimama, na yeye aliyefundishwa kwa Kifaransa tangu shuleni atalazimika kujifunza upya namna ya kuandika insha na kujibu mtihani. Ndiyo maana nasema kizuizi kikubwa ni cheti na lugha iliyomo ndani yake.

Serikali za kanda zimelitambua hilo kwa maandishi. Kiswahili na Kiingereza viliingizwa shule za msingi za Burundi, Kiingereza kikawa lugha rasmi mwaka 2014, na Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo, mwenye diploma ya sekondari ya Burundi anayeomba nafasi Tanzania bado anahitaji kuthibitishiwa ulinganifu wake na Baraza la Mitihani la nchi hiyo, hatua inayokula muda wake na fedha za wazazi. Na siasa haijaondoka njiani. Mwaka 2015 chuo kikuu kilipofungwa, wanafunzi walipiga kambi nje ya ubalozi wa Marekani mjini Bujumbura, wakitafuta usalama mbele ya geti la nchi ya mbali. Januari 2024 Burundi ilifunga tena mpaka wake na Rwanda, na aliyezoea kwenda Kampala kwa basi kupitia Kigali akalazimika kuzungukia Kobero, Ngara na Bukoba. Eneo moja la elimu lililotangazwa mwaka 2017 litapimwa na mwanafunzi huyo: kwa gharama ya safari hiyo ndefu, na kwa idadi ya wiki ambazo diploma yake inakaa mezani mwa afisa kabla chuo hakijamwandikisha.