Faili zikitoweka kwenye flashi, usiifute

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu na wenzao wa Meru wanaochapisha tasnifu katika saiba za mjini wajihadhari: kompyuta moja huchomekwa flashi za watu wengi, na virusi huenea hivyo. Mwenye flashi hukuta aikoni zenye mshale mdogo, akadhani kazi imepotea. Asizibofye, wala asiifute flashi yote. Pupa hiyo ndiyo huangamiza tasnifu. Atazame nafasi iliyotumika: isipopungua, faili zipo, zimefichwa tu. Aikague flashi kwa programu ya kupambana na virusi, kisha aiamuru Windows ionyeshe faili zilizofichwa, pamoja na zile za mfumo zinazolindwa. Siku nyingine, amtumie mhudumu kazi kwa baruapepe.