Mtihani Unaojulikana Mapema: Udanganyifu wa Moshi wa Dizeli na Barabara za Gusii

Historia ya udanganyifu katika upimaji wa moshi wa dizeli ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya mitihani ambayo mtahiniwa anayajua maswali yake kabla ya kuingia chumbani. Visa vyake mashuhuri vilitokea Marekani, Ulaya na Japani, lakini injini za ukoo huohuo ndizo zinazopanda kila siku kutoka mjini Kisii kwenda Keroka na Nyamira, katika eneo la Gusii nchini Kenya, zikivuta matatu za abiria 14 na malori yanayokusanya majani chai kutoka vituo vya wakulima hadi viwandani. Magari ya Probox, ambayo yamejaa katika njia hizo, hayamo katika hesabu hii, kwa kuwa mengi hutumia petroli. Makosa yake ni ya idadi ya abiria.

Injini ya dizeli hutoa uchafu wa aina mbili unaosumbua kuliko mwingine: masizi, yaani chembe nyeusi za kaboni zinazoonekana kwa macho, na oksidi za nitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu na kuzidisha pumu bila kuonekana. Ugumu ni kwamba aina hizi mbili huvutana. Moto ukiwa mkali ndani ya silinda, masizi hupungua na oksidi za nitrojeni huongezeka. Moto ukipozwa kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, gesi hizo hupungua lakini masizi huzidi. Kuziondoa zote mbili kunahitaji chujio la masizi pamoja na vifaa vingine katika bomba la moshi, kama vile mfumo wa kunyunyizia urea, ambao huongeza bei ya gari na kumtwika mwenyewe kazi ya kuujaza. Baadhi ya watengenezaji waliona ni nafuu zaidi injini iwe safi siku ya kupimwa tu.

Chini ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970, vifaa vya kudanganya upimaji vilipigwa marufuku, na haikupita miaka mingi kabla ya marufuku hiyo kuvunjwa: mwaka 1974 kampuni ya Volkswagen ilikubali kulipa dola 120,000 kwa sababu ya swichi ambazo zilizima vidhibiti vya moshi kulingana na joto la hewa. Kesi iliyostahili kukumbukwa zaidi, na ambayo imesahauliwa karibu kabisa, ni ya mwaka 1998, wakati watengenezaji saba wa injini za malori, miongoni mwao Caterpillar, Cummins na Volvo, walipofikia makubaliano na serikali ya Marekani kwa faini ya dola milioni 83.4. Programu za kompyuta katika injini zao zilikuwa zikitambua kwamba lori limetulia katika mwendo wa barabara kuu, hali ambayo haikuwa katika mtihani, kisha zikabadilisha muda wa kunyunyiza mafuta ili kupunguza matumizi, huku zikiachilia gesi.

Kwa hiyo Volkswagen haikubuni jambo jipya. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, wakiongozwa na Dan Carder, walichapisha matokeo ya magari waliyoyapima yakiwa barabarani kwa mitambo iliyopakiwa ndani ya gari lenyewe, na Jetta moja ya kampuni hiyo ilionekana kutoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza chanzo chake: programu iliyotazama mkao wa usukani, mwendo, muda ambao injini imekuwa ikizunguka na kanieneo ya hewa, ikatambua iwapo gari liko maabarani au njiani. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Maabarani usukani haugeuzwi. Katika njia ya Kisii kwenda Keroka ni nadra usukani kutulia.

Kipimo cha kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka, ndicho kinachoigusa Gusii moja kwa moja. Volkswagen ilipoyarekebisha magari ya Ulaya, programu mpya ilifanya urudishaji wa moshi ufanye kazi kikamilifu katika joto la nyuzi 15 hadi 33 tu, na chini ya mwinuko wa mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hicho nacho ni kifaa kilichokatazwa. Mji wa Kisii uko kwenye mita zipatazo 1,700, na hakuna kijiji katika kaunti za Kisii na Nyamira kilicho chini ya mita 1,000. Gari lenye programu ya namna hiyo lingezaliwa, likatumika na kufa huku bila kuwa safi kikamilifu hata siku moja. Hata upimaji wa barabarani ulioanzishwa Ulaya mwaka 2017, ambao kwa haki husifiwa kuwa tiba ya udanganyifu huo, unakomea mwinuko wa mita 1,300.

Lakini magari ya Gusii hutoka Japani zaidi kuliko Ujerumani. Machi 2022 kampuni ya Hino, iliyo chini ya Toyota, ilikiri kughushi takwimu za moshi. Katika jaribio moja la uimara, sehemu ya mfumo wa kusafisha moshi ilibadilishwa katikati ya jaribio, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mazoea hayo yalianza angalau mwaka 2003. Januari 2024 ikafuata Toyota Industries, inayounda injini za dizeli za Hilux, Prado na Hiace: injini zilipimwa zikiwa na programu tofauti na ile ya magari ya kuuzwa, ili takwimu za nguvu zisiyumbe. Udanganyifu huo ulihusu nguvu wala si moshi, na Toyota ilisema magari yaliyouzwa yanatimiza viwango. Pamoja na hayo, ni Hiace hizohizo zinazogeuzwa kuwa matatu.

Kenya huyapokea magari ya aina hii kwa kanuni ya KS 1515, isiyoruhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na kwa cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kupakiwa melini. Mafuta nayo yamesafishwa: Januari 2015 kikomo cha salfa katika dizeli kilishushwa kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi 50. Lakini chujio la masizi huziba katika safari fupi za kusimamasimama, na bei ya jipya humshtua mwenye matatu. Ndiyo maana fundi huombwa alitoboe au aliondoe, kisha kompyuta ya injini iandikwe upya isilalamike. Huo ni ujanja wa kiwandani uliohamia gereji.

Wakenya walikwisha kuujua kwa sura nyingine. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, zililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na muda si mrefu vikawa vinafanya kazi siku ya ukaguzi na kulala siku nyingine. Shirika la Viwango la Kenya lilijibu kwa kudai vifaa vinavyohifadhi kumbukumbu ya mwendo wenyewe. Kwa moshi, kanuni za mazingira zilitungwa mwaka 2006 na 2014, lakini hazikudai kumbukumbu ya namna hiyo. Dereva anayesimamishwa ni yule anayetoa moshi mweusi, ilhali oksidi za nitrojeni, ambazo ndizo Volkswagen ilizificha, askari hawezi kuziona.