Kutoka "sana" hadi "kama lote": Dar inavyokoleza maneno

Simama kidogo stendi ya Tandika, wilayani Temeke, utasikia kwamba foleni ni "mbaya", jua ni "hatari", suruali ya mtumba ni "kali kinoma" na daladala la Mbagala limejaa "kufa mtu". Neno sana nalo lipo, lakini mara nyingi linatoka kwa mtu mzima, au kwa kijana anayeongea na mtu mzima.

Zamani sana ilifanya kazi nyingi peke yake. Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. A. C. Madan akafuata na kamusi mwaka 1903. Katika vitabu vya namna hiyo kusema sana ni kupaza sauti, kuvuta sana ni kuvuta kwa nguvu, kukimbia sana ni kukimbia kwa kasi. Fundi wa gereji akimwambia kijana wake "kaza sana", bado anaongea Kiswahili hicho hicho.

Sana ilikuwa na jamaa zake. Mno ilibeba kuzidi kipimo. Mjini imebaki zaidi kwa washairi, wahubiri na wazee wa pwani. Kabisa hufunga jambo likaisha, ndiyo maana inapenda ukanushi: sitaki kabisa. Hasa ilitoka Kiarabu. Halafu kuna kundi ninalolipenda kuliko yote, maneno yasiyokubali kuhama: giza ni totoro, usingizi ni fofofo, nyeusi ni tititi, chombo hujaa pomoni. Hakuna anayelala totoro.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 makao yake yakiwa Dar es Salaam, sana iliingia madarasani bila mpinzani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikaiweka rasmi. Ila nje ya ofisi hizo mji ulikuwa unafurika. Mzaramo na Mndengereko wakapanga nyumba moja na Mluguru na Mnyamwezi, Ilala, Magomeni, Temeke, na lugha ya uani haikusubiri kamati.

Chukua kishenzi. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mwungwana alikuwa mtu wa mji, mwenye dini na kanzu yake. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyejua adabu za mji. Lilikuwa tusi zito, na kwa mzee wa leo bado ni zito. Sasa mpite muuza pweza wa Mwananyamala jioni, umsikie mteja akishusha kikombe cha supu na kusema imenoga kishenzi. Anasifu. Tusi la waungwana limegeuka sifa midomoni mwa wajukuu wa wale waliotukanwa, na wenyewe hata hawana habari.

Kilichofanya kazi hapo ni ki- ile ya kula kizungu na kulia kitoto. Kazi yake ilikuwa kueleza namna. Mtaani ikapanda cheo, ikawa inaeleza kiasi. Kinyama, kichizi, kinoma zote zimepita njia hiyo. Angalia pia zilikotoka: unyama, uchizi, noma, balaa, hatari, kifo. Dar haikolezi jambo kwa maneno mema.

Wala si Dar peke yake. Neno la Wajerumani la "sana", sehr, zamani lilihusu maumivu. Waingereza walikwenda njia nyingine: very yao ilitoka Kifaransa cha kale ikiwa na maana ya kweli, kama sisi tunavyosema kwelikweli.

Maneno haya ya mtaani ya Dar yalitoka vichochoroni kwa njia ya redio. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kurusha matangazo. Muziki wa kizazi kipya ukapata sehemu ya kusikika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Juma Nature na kundi la TMK Wanaume wakaifanya Temeke kuwa herufi tatu zinazojulikana hadi vijijini. Baadaye muziki wa singeli ukatoka Tandale na Manzese. Wataalamu nao hawakulala: mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha katika jarida la Swahili Forum uchambuzi wa lugha ya mitaani ya Tanzania pamoja na kamusi yake.

Hata hivyo maneno haya yana mipaka, na kijana anaijua bila kufundishwa. Chini ya turubai la msiba hakuna anayesema "pole kinoma". Kwa mama mkwe ni "shikamoo mama, nashukuru sana". Kinyama ndiyo yenye utata zaidi: kwenye habari za polisi, aliyepigwa kinyama yuko hospitali, kwenye habari za mpira, aliyepiga kinyama amefunga bao.

Siku hizi kinachovuma ni "kama lote", na hapo walimu wa sarufi wangefurahi wakisikiliza vizuri. Vumbi ni kama lote, lakini watu ni kama wote, hela kama zote, mvua kama yote, makelele kama yote. Konda aliyening'inia mlangoni Mbagala Rangi Tatu, huku akipiga bodi na kudai nyuma ni kweupe wakati abiria ni kama wote, hakosei ngeli hata moja.