Uainishaji wa protini

Uainishaji wa protini ni upangaji wa protini za viumbe hai kwa kufuata nasaba na umbo lake. Margaret Dayhoff wa Marekani na wenzake walifungua njia mwaka 1965 kwa kuchapisha atlasi ya mifuatano ya asidi amino. Lakini mfuatano hubadilika upesi kuliko umbo. Ndiyo maana mfumo wa SCOP, ulioanzishwa Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, hupanga kwa tabaka, mkunjo, familia kuu na familia. Mfano mzuri mno ni globini: hemoglobini ya damu, mioglobini ya misuli, hata leghemoglobini ya vinundu vya mizizi ya maharage. Mifuatano yake hutofautiana sana, ila zote hujikunja kwa namna ileile na kukumbatia chembe ya chuma inayonasa oksijeni.