Chokaa na Chuma: Hifadhi ya Maji Mjini Jidda

Wazee wetu waliokwenda Hija kwa bahari walishukia Jidda, mji usio na mto, ambako maji yalikuwa ya kununuliwa. Maji ya mvua yaliwekwa katika masahariji, yaani birika za chini ya ardhi zilizojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Mtu wa Lamu au Unguja hakuziona ngeni: birika za misikiti ya kwao zilijengwa vivyo hivyo, na chokaa yake ilitokana na matumbawe yaliyochomwa.

Zama za Waosmania uliletwa mtambo wa kuvukiza maji ya bahari, wenyeji wakauita Kindasa. Mwaka 1928 Mfalme Abdulaziz akaagiza mingine miwili. Mwaka 1947 maji ya Wadi Fatima yalifika kwa mabomba, na mwaka huohuo ukuta wa mji ukabomolewa. Mitaa ya nje kama Sharafiya ikapata nafasi ya kukua. Kiwanda kikubwa cha kusafisha maji ya bahari kilianza mwaka 1970.

Hapo ndipo chuma kilipochukua nafasi ya jiwe, na kutu ikawa adui. Kwa nje, hewa ya Jidda ina unyevu na chumvi, na chumvi huiharakisha kutu. Dawa yake ni rangi, au zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Kanuni hii Humphry Davy aliionesha Uingereza mwaka 1824, alipokinga shaba ya merikebu kwa madini mengine.

Hatari ya ndani haionekani upesi. Tungedhani maji matamu hayana madhara, kumbe maji yaliyovukizwa hayana kalsiamu, na maji ya namna hiyo hula chuma. Kwa hiyo, kabla ya kuyapeleka mjini, viwanda huyatia chokaa au mawe ya chokaa pamoja na gesi ya kaboni. Maji yakapoa ukali, na kwenye ukuta wa tangi hujenga utando mwembamba wa kukinga.

Basi chokaa haikuondoka. Ilihama kutoka ukutani ikaingia majini. Familia zetu husimulia ujio wa mitambo kana kwamba uliufuta ujuzi wa kale. Tukiwa bado na wazee waliowahi kuchoma chokaa na kupaka birika, tuwaulize na tuyaandike wayasemayo. Birika ikishafukiwa, na aliyeijenga akishazikwa, hatutakuwa na wa kumuuliza.